Nani Atatutembeza Kitengela?

Wapo maelfu ya watu waliopita Kitengela mara mia na wasiwahi kuiona. Huyu yumo ndani ya basi la Namanga, amelala. Yule yuko njiani kwenda kutazama ploti ya hamsini kwa mia aliyoonyeshwa katika picha. Wa tatu anaishi papo hapo mwaka wa kumi na tano huu, hutoka alfajiri kwenda kazini Nairobi au Athi River na kurudi usiku. Waulize Kitengela ni mji gani. Mmoja atakupa bei ya ploti, wa pili atakueleza msongamano wa magari, na wa tatu atakwambia kuwa maji ni ya kununua. Hapana aliyesema uongo katika hao, lakini pia hapana aliyeujua mji.

Dai letu leo ni kwamba Kitengela, na mama yake Kajiado, zinastahili kutembelewa kwa miguu, polepole, mtu akifuatana na mwenyeji anayelipwa kwa ujuzi wake, kama wanavyotembezwa wageni Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, na kama wanavyotembezwa katika miji ya Ufaransa. Twadai pia kwamba jambo hili lifanywe upesi, maana wale wanaoijua nchi hii kabla ya mabati na saruji si wengi tena, na umri hauwangoji.

Huenda msomaji akacheka. Lamu ina nyumba za mawe na milango ya nakshi, na UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001. Fort Jesus ikafuata mwaka 2011. Kitengela ina nini? Ina maduka ya vifaa vya ujenzi, ghorofa ambazo rangi yake haijakauka, bodaboda, vumbi wakati wa kiangazi na tope jeusi wakati wa mvua. Mtalii atoke kwao kuja kutazama tope?

Swali ni la haki, nalo lina jibu, lakini kwanza tuulizane mwenyeji ni nani. Sisi watu wa Pwani hatukufundishwa utalii na mtu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu alikuta desturi moja akaiandika. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulikabili kwa mashua ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwekea mfanyabiashara sahani yake na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu saa ile mfanyabiashara hateremki ila nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye amwuziaye na amnunuliaye. Atakayempunja mgeni bei, au atakayeuziana naye mwenyeji hayupo, biashara hiyo huwa haina nguvu. (Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Hata enzi hizo wenye vilemba walikuwa na mlango wao.)

Itazame desturi hiyo vizuri. Mwenyeji hakuwa mpiga soga wa kumwonyesha mgeni minara. Alikuwa mdhamini, aliyesimama kati ya mgeni na mji, akachukua dhamana ya pande zote mbili. Na misafara ilipoanza kupanda bara, pakawa na mtu mwingine wa aina hiyo, naye ni kirangozi, aliyetangulia mbele akijua njia, maji na namna ya kusema na wenye nchi. Wazungu waliojiandikia vitabu vya kuvumbua Afrika walitembezwa hatua kwa hatua na watu hawa. Sidi Mubarak Bombay aliwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa pensheni. Na Joseph Thomson, anayetajwa kuwa ndiye aliyeifungua Umasaini, aliivuka mwaka 1883 akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani ambaye njia ile kwake haikuwa ngeni. Walipita nchi ya Wamatapato na nchi ya Wakaputiei mpaka Ngong, yaani katika hiihii Kajiado tunayoizungumza.

Kwa hiyo Mswahili anapoingia Kitengela leo haingii pasipo na kumbukumbu zake. Ushanga shingoni mwa Wamasai ulipandishwa na misafara kutoka bandari zetu, hali kadhalika nyaya za shaba. Ushanga wa siku hizi aghalabu hutoka Ucheki, lakini mlango wake wa kwanza ulikuwa Pwani.

Hebu sasa tutazame wenzetu. Ufaransa mtu hawezi kuajiriwa kutembeza wageni katika majumba ya makumbusho na majengo ya kihistoria bila kadi ya serikali, nayo kadi hiyo hutolewa kwa masomo. Lakini Wafaransa hawakutosheka na hilo. Mwaka 1992 mama mmoja wa New York, Lynn Brooks, alianzisha mpango wa wakazi wa kawaida kuwatembeza wageni katika mitaa yao wenyewe, bila malipo. Mpango huo ukavuka bahari, na leo Paris, Lyon na Marseille zina watu wa namna hiyo. Huwezi kujua kama utapata mwokaji mikate au karani mstaafu. Atakupeleka sokoni kwake, atakuonyesha nyumba aliyozaliwa, kona ambayo zamani palikuwa na kiwanda, na ukuta ulioandikwa jina la kijana aliyeuawa katika vita. Mgeni akirudi kwao husahau urefu wa mnara, lakini kona ile haisahau.

Tofauti ya mambo hayo mawili, kadi na ujirani, ndiyo inayotuhusu. Hapa Kenya leseni ya kiongozi wa watalii ipo, hutolewa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Lakini mawazo yetu juu ya kiongozi wa watalii bado ni ya gari la mbugani: mtu anayejua simba amelala wapi, na ndege yule aitwaje kwa Kiingereza. Mtu anayejua mji kwa miguu tumemwacha nje ya hesabu, hasa mji mpya kama Kitengela.

Hivi karibuni nilitembezwa na mmoja wao. Ni mwalimu mstaafu, Mkaputiei, amezaliwa katika uwanda huo. Tulipatana malipo kabla ya kuondoka, jambo ninalolisisitiza kwa kila msomaji, kwani aibu ya mwisho wa safari huzaliwa na ukimya wa mwanzo wake. Nilimwambia, "Mwalimu, nitembeze kama mtoto anayeanza chuo." Akacheka, akaniambia, "Basi tuanze na alifu yako. Mji huu unauitaje?"

Nikasema Kitengela. Akatikisa kichwa. Kitengela, akasema, ni mto na uwanda. Hapa tuliposimama ni Noonkopir. Jina hilo ni la Kimasai, nalo lahusu manyoya ya ndege. Ndilo lililokuwa jina la kituo kidogo cha biashara kilichokuwa kando ya barabara, na bado utaliona katika majina ya shule. Mji ulipofura, jina la uwanda likapanda juu ya jina la kituo kama mtu anayevaa kanzu juu ya kanzu. Tulipita stendi, tukapita penye mahoteli ya nyama, na kila tulipopita akaniambia nini kilikuwa hapo. Hapa maji yalikuwa yakituama baada ya mvua na ng'ombe wakinywa. Pale palikuwa njia ya nyumbu. Nikaona duka la saruji.

Huo ndio utajiri wa Kitengela, ndugu msomaji. Lamu mwenyeji hukuonyesha kilichobaki. Noonkopir hukuonyesha kilichoondoka akiwa angali anakikumbuka, na kazi hiyo ya pili ni ngumu zaidi, maana hana ukuta wa kuegemeza maneno yake.

Yafaa tueleze kwa nini kiliondoka, maana si majaliwa peke yake. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina ua pande zake nyingi, lakini kusini ng'ambo ya mto Mbagathi iliachwa wazi, na wanyama wakawa na desturi ya kutoka mvua inaponyesha na kusambaa mpaka uwanda wa Kitengela. (Na Mbagathi yenyewe ni Empakasi iliyopindwa na ndimi za wageni, ni jina lilelile lililozaa Embakasi.) Nchi hiyo ilikuwa ya pamoja. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta ranchi za vikundi, na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikakatwa, kila mwanachama akapewa hati yake. Sheria ya mwaka 1990 ikaleta viwanda vya kuuza nje pale Athi River, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala. Mwenye hati alikuwa na njaa ya ada za shule, na mwenye mshahara alikuwa na njaa ya kiwanja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta kama watu 58,000 mjini Kitengela. Ya mwaka 2019 ikakuta zaidi ya 154,000. Miaka kumi tu!

Walikuwapo waliojaribu kuzuia. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua wala wasiwadhuru wanyama. Dola nne! Ziweke kando ya bei ya ekari moja iliyo karibu na lami, uone kama mzee mwenye watoto saba anahitaji kufundishwa hesabu. Na Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Magazeti ya dunia yaliwasema Wamasai. Machache yaliuliza simba wale wangepita wapi. Na ni kijana wa ukingo huohuo wa mbuga, Richard Turere, aliyebuni akiwa mtoto taa za kumetameta kuzunguka zizi ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliitwa California kuieleza dunia. Mgeni anayetembezwa Kitengela anaweza kusimama mahali mambo hayo yalipotukia na akasikia upande wa zizi. Katika gari la mbugani husikia upande wa simba.

Kutoka hapo tukapanda gari mpaka Kajiado, kusini zaidi katika barabara ya Namanga, tukashuka tukaendelea kwa miguu. Huko pia alifu ilikuwa jina. Kajiado ni Olkejuado, maana yake mto mrefu. Baraza la wilaya la zamani lilihifadhi tahajia hiyo, Ol Kejuado, mpaka serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, na kibao kipya kikachukua jina lililokatwa. Niliuona mto wenyewe. Ni mchanga mtupu mpaka mvua ije, na mtu asiye na mwenyeji atauvuka asijue amevuka kitu.

Lakini kilichonishika Kajiado ni reli. Ni tawi litokalo Konza kwenda Magadi, na lilijengwa katika muongo wa pili wa karne iliyopita kwa ajili ya bidhaa moja tu. Na jina la bidhaa hiyo ni neno letu! Magadi yale ambayo bibi zetu hutilia maharagwe yaive upesi, magadi ya tumbaku, ndiyo yaliyolipa ziwa jina katikati ya Umasaini, na ndiyo yaliyopita Kajiado kwenda bandarini Mombasa. Mwalimu aliniacha nifurahi kidogo. Kisha akanikumbusha ni miaka gani hiyo. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa, nao uliahidi kudumu. Mkataba wa mwaka 1911 ukawaondoa na Laikipia vilevile, wakasukumwa kusini. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 1913, mjini Mombasa, kesi yao ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, si ya mahakama kuamua. "Magadi yalishuka kwenu yakauzwa," akasema Mwalimu, "na kesi yetu ilishuka kwenu ikazama." Nimepita karibu na mahakama za Mombasa tangu utotoni, na ilinibidi nifike penye reli ya Kajiado ndipo nisimuliwe kesi hiyo na mtu ambaye babu yake alihamishwa.

Sasa tuzijibu pingamizi, maana zipo.

Ya kwanza ni ya papasi. Wasomaji wa Unguja wanalijua neno hilo: ni kupe, na ndilo jina wanalopewa vijana wanaowang'ang'ania wageni bandarini, wanaomtembeza mtu mpaka kwenye duka la anayewapa kamisheni. Kitengela ikifunguliwa kwa matembezi, kupe watakuja. Panapo ng'ombe hawakosekani. Dawa yake ni ile ya Mogadishu, mwenyeji ajulikane kwa jina na kwa nyumba, na awajibike. Serikali ya Kaunti inaweza kuweka orodha. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti utalii wa mahali pao, kwa hiyo hapana haja ya kungoja Nairobi.

Ya pili ni nzito zaidi. Nani mwenyeji wa Kitengela? Tukisema Mmasai peke yake, tutakuwa tumewaambia watu zaidi ya laki moja wenye nyumba zao kwamba ni wapangaji milele, na katika nchi hii maneno ya namna hiyo yamekwisha kumwaga damu. Sisemi hivyo. Mama wa Kikamba anayeuza mboga sokoni kwa miaka ishirini ana Kitengela yake, na Mkisii aliyechimba kisima cha kwanza mtaani mwake ana yake. Wao pia watembeze. Ila jambo la kwanza kusemwa liwe ni jina la mahali, na jina la mahali wanalo Wakaputiei. Mgeni wa kwanza wa kutembezwa, kwa maoni yangu, si Mfaransa. Ni yule jirani wa mwaka wa kumi na tano. Atembezwe Jumamosi moja yeye na wanawe, ajue kwa nini nyumba yake huingiliwa na maji kila masika, maana bila shaka amejenga penye jina ambalo lingemwonya kama angelielewa.

Ya tatu ni ya shuka na ngoma. Watu wa utalii wamezoea kumtaka Mmasai aruke. Mwalimu wangu alivaa koti na kofia, mkononi ana mwavuli, na sikumwona akiruka hata palipokuwa na dimbwi. Kaunti ikiandaa matembezi haya kisha ikawavika wazee shuka nyekundu ili wapendeze katika picha, heri isiandae.

Kazi yenyewe si ya fedha nyingi. Vijana wa vyuo wafuatane na wazee kumi, kumi tu, wapite nao mtaa kwa mtaa kutoka Noonkopir hadi Isinya na kutoka Isinya hadi Olkejuado, waandike kila jina la mto, kilima na bonde pamoja na maana yake. Orodha hiyo iwe ndiyo mtihani wa anayetaka kutembeza watu. Nusu ya malipo ya mwaka wa kwanza iende kwa wazee, kwa kuwa kitabu ni wao. Na kabla ya hayo yote, pale stendi wanaposhukia watu wa Nairobi, kiwekwe kibao kimoja kisemacho NOONKOPIR, na chini yake maana, kwa Kimasai na kwa Kiswahili. Fundi wa kukiandika yupo hatua chache kutoka hapo. Nilimwona akichora tangazo la ploti.